Pointi ya Tano

Saa kumi na mbili na robo, Loleza bado kajifunika ukungu,
nakanyaga umande kwa viatu vya mpira vya Mzee Mwampashi
aliyeifanya kazi hii kabla yangu, akastaafu na kikohozi.
Begani sanduku la barafu, ndani yake chupa nne tupu,
kalamu isiyofutika, fomu ndani ya nailoni.

Pointi ya kwanza ni chanzo.
Mto Ikumbi hapa bado wanyonya:
unatoka chini ya jiwe, unanong'ona, unapenya kwenye mikangaga.
Nachota. Chupa inanichoma vidole kwa baridi.
Naandika: "Angavu. Hayana harufu."
Kisha nakunywa kiganja kimoja, jambo ambalo mwongozo unakataza,
nakunywa taratibu, kama ninayemuaga msafiri.

Pointi ya pili, chini ya daraja la mbao.
Vijana wanakanyaga karoti ndani ya magunia,
matope mekundu yanajitenga, karoti zinatoka ziking'aa
kama zimezaliwa leo. Uchafu huu naufahamu:
ni udongo unaorudi kwa udongo.
Naandika: "Tope. Si neno."
Nafuta "si neno". Fomu haitaki maoni.

Pointi ya tatu.
Pana ukuta, pana geti, pana mlinzi anayenijua kwa jina
na kila mwezi huniuliza: wewe nani?
Pana bomba nene kama paja la ng'ombe,
na ng'ombe wenyewe wamo humo bombani,
wamechunwa, wamelowekwa, wamekwenda kuwa viatu,
kilichobaki chao ndicho hiki kinachotoka na povu.
Kipimo changu kinahangaika, tarakimu zinapanda, zinashuka,
kama mtu anayetafuta neno la adabu.
Mwaka jana niliandika ukweli hapa.
Taarifa ikaenda mkoani, ikarudi na muhuri:
"Imepokelewa."
Maji nayo yakaendelea kupokelewa
na kila aliye chini.

Pointi ya nne ni bustani ya Atupakisye,
vitalu kumi na viwili vya chainizi,
kijani mpaka kinatia shaka.
Yeye na ndoo zake mbili, tangu alfajiri;
miguu yake hadi vifundoni ina rangi isiyo yake.
Binti yake, Sekela, miaka minne, hajaanza shule,
ila siku za wiki anazijua zote.
"Leo Jumanne," akaniambia, "mto ni wa chai."
Jumatano wa buluu. Ijumaa unanuka mayai.
Na Jumapili?
Akafikiri.
"Jumapili unajaribu kuwa maji."

Nikachota. Mama mtu akaweka ndoo chini, akajipangusa.
"Mwaka wa tatu unachota, baba. Majibu yanachotwa lini?"
Nilikuwa nayo. Yamo kwenye faili, yamebanwa kwa pini,
maneno marefu ambayo sijapata kuyaona
yakimwingia mtu aliyeinama shambani.
Nikasema: bado yapo maabara.
Ulimi wangu nao ukawa bomba.

Akachuma mafungu mawili, akayafunga kwa kamba ya mgomba.
"Mpelekee mkeo. Lakini aoshe kwanza."
Kwa maji gani, hakusema.

Katikati ya mlima nikaketi, nikafungua sanduku.
Chupa ya kwanza kama hewa,
ya nne kama chai iliyosahauliwa msibani,
na chainizi ubavuni mwao, juu ya barafu ileile,
mbichi, nzuri, zikitoka jasho.
Nyumbani ugali u jikoni, wananisubiri.

Nikatoa kalamu isiyofutika.
Nikabandua lebo, nikaizungushia ile kamba ya mgomba,
nikaandika: "Pointi ya tano."
Fomu ina nafasi nne.
Nikaandika pembeni, pakajaa. Nikageuza karatasi,
nikaandika huko nyuma
jina la mtoto, na kila siku na rangi yake,
nikianzia Jumatatu.