Nyuzi Kumi na Sita

Salha alimtaka yule mwekundu,
mwenye mapezi kama khanga iliyoanikwa upeponi,
peke yake ndani ya bilauri, anajipinda kwa maringo.
Pauni saba. Nilikuwa nazo.

Murdo, mwenye duka, hakuugusa wavu.
Aliniuliza: "Kwenu nyumbani kuna joto kiasi gani?"

Miaka sita niko Glasgow.
Mwenye nyumba hajawahi kuniuliza hilo,
wala daktari aliyesikiliza kifua cha mtoto,
wala kampuni ya umeme, inayouliza kila kitu kingine.
Nikatafuta uongo wa adabu, nikaukosa.
"Nyuzi kumi na sita," nikasema. "Kumi na nane nikilipwa."

Hakunionea huruma. Alipiga hesabu tu, midomo ikimcheza,
kama fundi cherehani anayekupima kwa macho.
"Huyu kwenu atakufa," akasema. "Si kwa ubaya wenu.
Amezoea maji ya vuguvugu."
Akatupeleka nyuma, kwenye tangi la chini kabisa,
ambalo huwezi kuliona mpaka uiname:
visamaki vya urefu wa kifundo cha kidole,
vya vijito vya milimani Uchina,
rangi ya majivu, mstari mmoja wa fedha ubavuni,
mkia kama umechovywa hina ukaondolewa upesi.
"Hawa hawataki hita. Baridi yenu ndiyo afya yao."
Salha akanuna. Kama sare ya shule, alisema.

Na hata hao hakutuuzia siku ile.
Alituuzia kioo, chujio, changarawe,
chupa ya dawa ya kuondoa klorini,
na wiki tano za kungoja.

Nani amewahi kufuga maji matupu?
Sisi. Chujio likikoroma usiku kucha,
Salha akidondosha chembe za chakula
kwa wageni wasiofika.
Kila Jumamosi, matone kwenye kijichupa:
manjano ikawa kijani, kijani ikakolea kama mchicha,
kisha, wiki ya tano, manjano tena.
Kitu tusichokiona kilikuwa kimehamia kwenye sponji
na kilikuwa kinakula sumu.
Niliwakumbuka waliofika mji huu kabla yangu,
walioninunulia koti
kabla sijajua bei ya koti.

Tulichukua wanane.
Tuliuacha mfuko uelee nusu saa, maji yazoeane na maji.
Majina hawakupata; hawatulii, utamwita nani?
Salha huwahesabu tu, na huanza upya.

Februari wakawa saba.
Samaki mmoja akioza, wote wameoza:
miaka yote nikidhani ni habari ya tabia.
Ni habari ya amonia.
Nilimtoa kwa kijiko kabla ya chai,
nikabadilisha ndoo mbili.
Na aliyesema maji yakimwagika hayazoleki
aje Jumamosi alione taulo langu.

Jana usiku mita iliishiwa.
Kilichoniamsha si giza, ni kimya:
chujio limeacha kukoroma.
Nilivaa koti juu ya nguo ya kulalia,
nikashuka ngazi zote na kadi na pauni tano
mpaka duka la pembeni, lile lisilofungwa,
na wallahi sikwenda kwa ajili ya taa.

Niliporudi, Salha alikuwa juu ya kiti, gizani,
soksi mbili kila mguu,
anachota maji ya tangi kwa kikombe,
anayainua, anayamimina kutoka juu
ili hewa iingie,
kama mtu anayepoza chai ya mgeni.

Nikatia kadi. Taa ikawaka, chujio likakohoa.
Hakugeuka.
"Mara mia na arobaini," alisema. "Nimehesabu.
Na wale wa kiume,
mama, wakikasirika, ni wekundu."