Pande Nane za Merikani

Bi Tunu binti Feruzi hakuja kuchaguachagua.
Alisimama dukani kwangu Kariakoo, kona ya Sikukuu,
mchana, umeme umekatika,
akasema: Nataka merikani.

Mama, nikamwambia, jina hilo limeshazikwa.
Siku hizi ni bafta, ni popelini,
inashuka na kontena ikiwa imeshapigwa pasi.
Akafungua mfuko, ndani ya mfuko khanga,
ndani ya khanga kipande cha nguo
rangi ya kurasa za msahafu wa zamani,
pembeni muhuri wa buluu, herufi zimeliwa.

Bibi yake baba alinunuliwa Kilwa kwa pande nane.
Muuzaji alichukua saba.
Wa nane akamfunga nao kiunoni
asije akakabidhiwa uchi.
Biashara nayo ina adabu zake.

Mimi nimezaliwa juu ya majora.
Najua pima, najua doti, najua nguo ya kuchuja;
sikuwahi kuuliza pamba ile aliichuma nani.
Aliichuma mtu mweusi, bahari ya pili kutoka hapa,
vidole vimechanwa na maganda, mjeledi mgongoni.
Mtumwa alichuma bei ya mtumwa.

Kisha kaskazini yao na kusini yao wakakabana koo,
miaka minne, ndugu kwa ndugu.
Majora yakaadimika pwani hii.
Wenye maduka wakalaumu pepo, wakalaumu manahodha,
wakapandisha.
Na nguo ikipanda (hesabu hii naifanya kila siku)
kinachonunuliwa nayo kinashuka.
Wa pande nane akawa wa pande tatu.
Kule wanakufa, mwishowe mtumwa awe huru;
huku mtumwa amekuwa rahisi.

Basi bibi yenu aliuzwa kabla ya vita vile, nikasema,
kama anayetoa habari njema.
Bi Tunu akanitazama
kama mtu aliyeambiwa kwao walikuwa ghali.
Nikatamani umeme urudi, feni ivume, chochote.

Alibeba chokaa hapa hapa, akasema.
Chokaa na matumbawe, kichwani, kutoka ufukweni,
wakati mji unatafutiwa jina la salama.

Nipimie ya sanda. Yangu.

Nikapima kwa mkono, kiwiko hadi ncha ya kidole,
maana mita nilikuwa nimeikalia na sikutaka kuinuka mbele yake.
Nikataja bei. Nikasubiri aseme punguza,
kila mtu Kariakoo husema punguza.
Akahesabu noti, zote.
Kwa nguo hii, akasema, kwetu walishabishana vya kutosha.

Mashine imezimika, risiti nikaiandika kwa kalamu.
Jina? Tunu binti Feruzi.
Ongeza: Feruzi wa Mkiwa.
Mkiwa wa Subira.
Subira wa—

Subira ni jina alilopewa Kilwa.
Acha mstari, akasema.
Nikaacha mstari.
Nikagonga muhuri juu yake, kwa mazoea,
na hadi leo naujutia ule muhuri.