Haina Juu, Haina Chini

Novemba, kichochoroni nyuma ya soko la Ruwi:
mia mbili na arubaini za kushikwa na watoto,
thelathini za skuli, na moja ya mita sita
isiyoenea dukani. Nusu iko mezani,
nusu tumeilaza juu ya shuka safi,
maana Bi Shinuna hataki iguse sakafu.
"Hata kabla haijawa?"
"Hata kabla haijawa. Kwani mimba hailindwi?"

Hupima kwa shubiri, kisha kwa futi,
na futi haijawahi kumkosoa.
Nyeupe, nyekundu, kijani, mistari sawasawa.
Zamani huu wa kati ulikuwa mwembamba, asema,
walipoupanua tulifumua oda nzima
na hakuna aliyetulipa uzi.
Mistari humwachia mashine.
Jambia na panga zake mbili hudarizi mwenyewe,
miwani puani, redio imezimwa.

Sleyum akaja kabla ya adhuhuri,
bawabu wa skuli ya wasichana,
bendera kwapani kama gazeti la jana.
Aliipandisha alfajiri, taa ya uwanjani imeungua:
kijani juu, jambia chini, pembeni,
na mkaguzi akafika siku hiyohiyo.
"Upepo, Bibi. Upepo ndio ulioigeuza."
"Bendera hufuata upepo ikishafungwa, Sleyum.
Inayoifunga ni mikono."
Hakucheka. Mimi nilicheka, akaniangalia, nikanyamaza.

Akachukua mpya, akatafuta pembe ya juu
upande wa kamba, ndani ya pindo,
akatia fundo dogo la uzi, kama punje ya ufuta.
"Papasa. Hapa. Hapa ndipo juu.
Kidole hakingoji taa."

Ile kuukuu, iliyoliwa na jua ncha zote,
Sleyum aliuliza kama aitupe.
Hakujibiwa. Bibi alishika wembe
akaifumua pale pale, mshono kwa mshono,
kijani kwake, nyeupe kwake,
jambia mwisho, uzi mmoja mmoja,
mpaka mezani pakabaki vitambaa
ambavyo havidai mtu asimame.
"Sasa si bendera," akasema. Kisha, kwangu:
"Lakini usipigie deki."

Usiku, tumebaki wawili na feni,
akavuta kasha chini ya meza ya kukatia.
Nyekundu. Nyekundu tupu, bila alama,
ya kitambaa ambacho kwao Unguja
kiliitwa bendera hata kikiwa bado gora:
nipimie bendera, pima mbili.
Baba yake alikuwa akiipandisha forodhani Mkokotoni,
gizani, peke yake, na kamba imelowa umande.
"Hakukosea hata siku moja. Angekosea wapi?
Haina juu, haina chini."

Ilishushwa kule. Akaishonea ndani ya mto
akaja nayo Maskati mwaka wa sabini na moja,
akijua huku nako ni hii hii,
nyekundu ile ile, tupu vile vile,
kwamba akishuka ataikuta mlingotini
na walau kitu kimoja kitamjua.
"Nikakuta wameibadili mwaka uliopita."
Akaguna. Sikujua kama ni kicheko.
"Nimebeba bendera ya nchi mbili, mwanangu,
na nchi zote mbili zimeshaivua."

Nondo wametoboa pembe moja.
Ipi? Sijui nisemeje, pembe zake ni ndugu.
Nikatoa bobini zote nyekundu za dukani,
kumi na nne, nikazipanga juu yake:
moja imepita kama pilipili,
moja imepoa kama tufaha la dukani,
zote za leo. Hakuna hata moja
iliyowahi kukaa juani pale forodhani.
Nikatia ya karibu.

Akaipapasa, kidole kikasimama.
"Panajulikana."
"Nifumue?"
Alikwisha rudi kwenye cherehani,
mguu umeshaanza.
"Zimebaki ngapi za watoto?"
Nikahesabu. Mia na kumi na tisa.