Iliamuliwa

Waraka umekuja ndani ya bahasha ya kaki:
kila karani wa kamati apate cheti kabla ya Juni,
au apangiwe kazi nyengine.
Nyengine ipi, haukusema.
Nikausoma mara tatu, nikaugonga muhuri, IMEPOKELEWA,
maana ndiyo kazi yangu:
hata kisu kikija kunichinja
sharti kwanza nikitie tarehe.

Miaka kumi na tisa nakaa kushoto kwa mwenyekiti,
Baraza la Mji, Wete.
Madiwani wamekuja, madiwani wamekwenda,
kiti changu kile kile, mguu mmoja nimeufunga waya.
Hakuna aliyenipigia kura. Hakuna wa kuninyima.

Namkumbuka Mbarouk wa Kizimbani, fundi mabati,
kikao chake cha mwanzo,
kashika kabrasha la bajeti juu chini.
Nikapita nyuma yake kama ninayegawa maji,
nikaligeuza.
Hajanishukuru mpaka leo,
ila kila Idi pakiti ya halua hunifika mlangoni.
Hilo nalo ni somo gani? Alama ngapi?

Basi nikenda darasani na hasira zangu,
Jumamosi, skuli ya Utaani, madawati ya watoto,
magoti yakinigusa kidevu.
Mwalimu katoka Unguja, Salha,
umri wa mwanangu wa pili,
kalamu nyekundu kaichomeka kwenye mtandio.
Akasema: nipeni muhtasari mlioandika wenyewe.
Nikampa wa mtaro wa Jadida.
Khati safi. Si neno lililokatwa.

*Ilielezwa kuwa fedha zimepungua.*
Akaandika pembeni: Nani?
*Ilishauriwa mtaro usubiri.*
Nani?
*Iliamuliwa.*
Nani, Bi Kazija?

Nikacheka. Nikamwambia, ndivyo tulivyofundishwa.
Akageuka, akaliandika ubaoni, *tulivyofundishwa*,
akaizungushia duara ile *w*.
Hakusema kitu.
Chaki ilimvunjikia mkononi.

Usiku ule usingizi ulinikataa.
Nikafungua sanduku la nakala, nondo wakaruka.
Herufi moja, mabonde mawili,
na humo nimewafukia watu wazima na suti zao:
aliyetaka kiwanja cha skuli apate shemegi yake,
aliyepiga meza,
aliyenifuata ukumbini akaninong'oneza,
"Jina langu liache, andika tu *ilikubaliwa*."
Nikaandika. Nikaona ndiyo adabu ya kazi.

Masika yale maji yalimwingilia Mkubwa Shaame dukani,
magunia kumi na moja ya unga yakawa uji.
Akaja afisini na suruali imekunjwa magotini:
anataka kumjua aliyesema mtaro usubiri.
Nikampa karatasi, ni haki yake.
Akaisoma kwa kidole, mbele na nyuma,
kisha akanirudishia taratibu, kama mtu anayerudisha sahani tupu.
"Humu hamna mtu, bibi."
Nami nilikuwa nimesimama mbele yake.

Sikusema cheti ni kitu kikubwa.
Mtihani wenyewe ulitaka nieleze kwa hoja tano
tofauti ya pendekezo na azimio;
nilitoa tatu, na za watu kumi ninazo kichwani.
Salha naye hajui kumtuliza diwani aliyeshindwa kura
asiivunje glasi ya baraza.
Hilo nitamfundisha mimi, akirudi.

Kikao cha juzi niliandika:
*Mheshimiwa Khatib Juma Ali alitaka fedha za taa zihamishwe.*
Rasimu ilipomfika, alinijia na miguu miwili ya haraka.
"Umenitaja."
"Ndiyo, mheshimiwa."
"Nani kakuamuru?"
Swali zuri.
Nimeliandika, na jina lake mbele yake.

Cheti bado.
Inasemekana kinachapishwa.
Kesho asubuhi nitapiga simu Unguja
niulize ni nani anayesema.