Kilo Tatu

Mwaloni Igombe, mwaka wa mvua nyingi,
baba alikuwa mpima samaki wa wakala wa kiwanda:
kalamu sikioni, daftari la kurasa zilizovimba unyevu,
na mizani ya saa ikining'inia kwenye boriti,
kioo kina ufa, mshale hautulii.

Nilikuwa na miaka tisa.
Jana yake nesi alikuja shuleni na kadi za njano,
akanipima: ishirini na tano.
Sayi wa mama Nyabuso: ishirini na nne.
Nililala na ushindi wangu ndani ya shuka,
nikisubiri kuche nimwonyeshe tena.

Kwa hiyo kulipokucha,
kabla karai la kwanza halijapanda,
niliruka nikaishika ndoano kwa mikono miwili,
nikaning'inia kama sangara,
magoti nimekunja, macho nimefumba.
"Soma!"
Sayi akasoma: "Ishirini na mbili."

Naapa sikujua ninachokisema.
Nilipiga kelele kwa sababu Sayi alikuwa anacheka:
"Baba, kilo zangu tatu ziko wapi?"

Kuna kimya cha watu wanaosikiliza
na kuna kimya cha watu wanaopiga hesabu.
Bugingo, aliyevuta nyavu usiku kucha,
aliweka chini kikombe cha uji.
Akautazama mshale. Akaitazama miguu yangu mikavu.
Midomo yake ikaanza kusogea bila sauti:
tatu katika ishirini na tano,
kumi na mbili katika mia,
kwa siku, kwa mwezi, kwa miaka sita,
nikaona nyumba ya bati inajengwa usoni mwake,
kisha inabomolewa.

Hakuna aliyempiga baba. Hilo watu hawaliamini.
Aliitoa kalamu sikioni, akailaza juu ya daftari,
akafungua mgongo wa mizani kwa kisu cha magamba,
akachomoa kipande cha waya kilichokuwa kimeibana springi.
Akaniwekea kiganjani.
"Hizi hapa kilo zako," akasema.
Makongoti juu ya banda la barafu
hata hawakugeuza shingo.

Tulihamia Mabatini, chumba kimoja katikati ya mawe.
Mama vitumbua, baba mkokoteni.
Hakunichukia. Hakunisifu pia.
Dada yangu Minza aliacha shule Novemba ile ile,
na hadi leo, mtu akiniambia kweli ni dawa,
namuuliza: ni nani aliyeinywa,
na nani aliuza sare zake kuilipia?

Wako wanaokisimulia kisa hiki vizuri kuliko mimi.
Kwao mimi ni mtoto aliyefichua wizi.
Mimi namjua yule mtoto:
alitaka tu kumshinda Sayi.
Kweli ilipita kwangu kama mtu anavyokatiza uani kwako
kufupisha njia.
Haikubisha hodi.
Iliacha mlango wa ua wazi,
na kuku wote wakatoka.

Waya ninao bado, kwenye kopo la vifungo.
Nikiupima leo haufiki hata gramu kumi.

Mwaka juzi, Bugando.
Nesi kijana alimsimamisha baba kwenye mizani,
akimshika kiwiko.
Dirishani, kule chini, ziwa jeupe kama bati jipya.
"Arobaini na moja."
Baba akanigeukia,
yeye ambaye kwa miaka thelathini
hakuwahi kuitaja asubuhi ile,
akaninong'oneza:
"Hebu iangalie kwa nyuma."

Nikapiga magoti. Nikapapasa
vumbi, kifuniko cha kalamu, sakafu ya baridi.
Nilikawia kuliko ilivyohitajika.
Nesi akadhani ninasali.

"Hakuna kitu, baba. Ni sawa."

Akashusha pumzi.
"Basi," akamwambia nesi, "andika."