Nilikuwa Mfereji

Kila mtu alipewa maneno.
Jumwa, bi harusi, alipewa kurasa kumi na nne
na kilio kimoja cha kuanguka chini.
Awadh alikuwa mposaji, baba mkwe na punda,
kwa kuwa alikuwa na sauti tatu
na viatu jozi moja.
Mimi, Mselem alinitazama toka utosini hadi unyayoni,
akaupima urefu wangu, akaupima ukimya wangu,
akasema: Wewe ndiwe mfereji.

Saa nzima nisimame pembeni mwa jukwaa,
mkono nimeukunja, kiganja kimeinama,
faneli ya mafuta ya taa kichwani,
uso umepakwa rangi ya fedha
iliyobaki walipopaka geti la chuo.
Neno langu lilikuwa moja, la mwisho kabisa,
baada ya ngoma, baada ya ndoa:
Kingeni!

Nikalala nalo. Nikaamka nalo.
Nikalisema kwa ukali, kwa huruma, kwa pua.
Mama akamuuliza jirani
kama yuko mtu anayejua kuzingua.

Basi, usiku wenyewe, ukumbi wa Tononoka,
maji yamekatika mji mzima tangu Mfunguo Pili.
Kinanda tumeazima kanisani Makupa,
kina kidole kimoja kibovu,
kila kikifika hapo wimbo unachechemea.
Wasichana saba wamevaa mitungi ya manjano iliyotobolewa shingo,
wanagongana mbavu, po, po,
na Jumwa anapiga magoti mbele yangu, analalama:

   Mfereji wangu bwana, mbona wanikoholea?
   Miezi mitatu tena, tone sijajionea,
   Mahari nimeshanena, ndoo saba nangojea.

Watu wanacheka hadi viti vinalia.
Mbu ametua puani pangu.
Mimi ni chuma. Chuma hakijikuni.

Ndipo nyuma ya pazia,
kwenye karo ambalo mtu alilifungua zamani
akakata tamaa, hakulifunga,
kikasikika kikohozi. Kisha mkoromo.
Kisha, wallahi,
maji.

Sijui nani alipiga ukelele wa kwanza.
Najua safu zote zilisimama kwa pamoja,
najua mitungi ilivuliwa wasichana wakiwa bado wanaimba,
najua Awadh alitoka na miguu miwili ya punda,
miwili akaiacha,
na afisa wa maji, mgeni wetu wa heshima,
nilimwona kwa macho haya akikinga kwa kofia.
Mselem kasimama katikati na karatasi zake,
analia au anacheka, sikujua,
maji yanampita vifundoni.

Na mimi pale pale, mkono umekunjwa.
Hakuna aliyenigeukia.
Mtu hasemi Kingeni
kwa watu wanaokinga tayari.

Miaka imekwenda.
Nasoma mita sasa, Tudor hadi Mikindani,
mbwa wote wananijua kwa jina.
Mselem tulimzika Kikowani.
Siku ya kumwosha mfereji ulikuwa mkavu,
tukanunua maji ya mkokoteni, mitungi sita,
mimi nikashika kata.
Neno likanipanda mpaka ulimini.
Nikalimeza. Halikuwa mahali pake,
au pengine palikuwa ndipo,
hadi leo sijakata shauri.

Juzi, Kongowea, kwenye vitunguu,
mama mmoja mnene ananikodolea macho.
Ananizunguka. Anapiga magoti
(polepole, goti la kushoto linamsumbua)
na kwa sauti ile ile, iliyokwaruzika kidogo, anaanza:
Mfereji wangu bwana...
na alipofika penye kile kidole kibovu
akachechemea, makusudi.

Jumwa! Wachuuzi wameacha kupima.
Ananiambia, Sema basi. Mwenzangu, sema.
Nikaukunja mkono.
Nikakiinamisha kiganja.
Koo langu likakohoa kwanza, kama lilivyofunzwa,
kisha likatoka, kubwa kuliko nilivyolikumbuka:
Kingeni!

Kijana wa vitunguu akaruka,
akainua karai lake kwa mikono miwili,
akabaki hivyo, analitazama anga.