Ukoko

Eudora, leo nimeishika sufuria yako,
ile nzito ya chuma, yenye mkono mmoja,
uliyoipakata kutoka Gouyave safari nzima
kwa sababu hukuwaamini watu wa mizigo.

Huku Huddersfield theluji imegoma.
Mvua tu, ile nyembamba, ya kuudhi,
inayokuna kioo kama paka aliyefungiwa nje.

Shelisheli nimelipata sokoni kwa Bwana Gurdip.
Moja. Bei ya viatu vya mtoto.
Nikaligonga kwa kidole kama ulivyokuwa ukiligonga,
sikusikia kitu,
nikatikisa kichwa kama mjuzi, nikalipa.
Tui ni la kopo. Usinitazame hivyo.
Mkia wa nguruwe wa chumvi umelala majini tangu jana.
Majani ya magimbi ni makavu kama barua ya benki,
na bizari, ile manjano tuliyong'ang'ania kuiita zafarani,
imeshanipaka vidole, kola, na swichi ya taa.

Kipimo hukuniachia.
Lorice alikuuliza mwaka ule, kalamu mkononi:
"Chumvi kiasi gani, mama?"
"Mpaka itoshe."
"Na moto?"
"Wa kawaida."
Daftari lake ninalo. Ameandika tarehe tu.

Basi napanga kama nilivyokuona ukipanga
nilipokaa mezani na gazeti nikijifanya sioni:
nyama chini,
shelisheli juu yake, vipande kama mwezi wa siku nane,
unga niliousokota mrefu, mwembamba,
kama vidole vya mpiga kinanda
(vyangu ni vya dereva wa basi),
majani yafunike kila kitu, kama shuka,
na pilipili mbuzi moja, nzima, ikae juu kabisa.
Ikipasuka, tumekwisha.

Halafu tui. Halafu kungoja.
Hapo ndipo nilipokosea.
Wewe hukuwa ukingoja, ulikuwa ukisikiliza.
Mimi nilikaa nikawaza viatu vyako chini ya ngazi,
ambavyo kila Jumatatu nasema nitavigawa,
na tui likakauka. Ndiyo, lazima likauke,
mafuta yabaki peke yake yakichachatika chini,
lakini nililiacha likaendelea kukauka
mpaka king'ora cha moshi kikapagawa
na Bi. Wrona wa ghorofa ya chini akaja mbio
na taulo la vyombo shingoni.

"Unapika?" aliuliza,
kwa sauti ya mtu anayeuliza, "Unaumwa?"
Nikampakulia ya juu, iliyopona.
Akala amesimama, hakusema neno,
akaomba na ya mumewe.

Nikabaki na chini ya sufuria.
Na hapa, Eudora, tuna mazungumzo.

Miaka arobaini na sita ulitupakulia ya juu,
laini, ya manjano, sahani zikifurika,
kisha ukarudi jikoni, ukatupa mgongo,
mwiko mkononi, ukikwangua.
"Njoo ukae," nakuita.
"Kuleni tu. Namalizia hii iliyoungua, isitupwe.
Chungu hii, hamtaiweza."

Siku ya mazishi nilisimama mbele ya kanisa zima
nikasema, huyu ni mwanamke aliyekula ukoko
ili sisi tule chakula.
Watu walilia. Mchungaji alitoa miwani akaifuta.

Leo nimekwangua.
Nimeonja.

Eudora!

Tui limegeuka sukari guru.
Shelisheli gumu nje, ndani siagi.
Chumvi yote ya mkia imeshuka huku kujificha,
na moshi kidogo, na pilipili kwa mbali,
kama mtu anayekuita kutoka chumba cha pili.
Mwizi wewe.
Mwizi wa mchana, na kofia ya kanisani kichwani!

Nimecheka mpaka Bi. Wrona akagonga dari yake kwa fagio.
Nimekula yote, nimesimama,
mgongo nimeupa meza na viti vyake vitupu,
nikakwangua mpaka chuma kikalia.

Simu ikaita. Lorice.
"Baba, imetokaje? Nije nile?"

"Njoo kesho, nitapika nyingine," nikamwambia.
"Hii imeungua kidogo. Chungu.
Usijali mwanangu,
naimalizia mimi."